Maili 12 kila upande: siku saba kutoka Chongoleani hadi Wasini

Begi langu lilikuwa na nguo chache, tochi, na karatasi nne nilizoziandika kwa mkono. Karatasi hizo ni tafsiri yangu ya barua ambazo serikali za Kenya na Tanzania zilibadilishana tarehe 17 Desemba 1975 na 9 Julai 1976, wakakubaliana mpaka wa maji ya nchi zetu upite wapi. Nimewahi kuwa karani wa takwimu kwenye diko moja la Tanga kwa miaka sita. Kazi yangu ilikuwa kupima na kuandika samaki wanaoshushwa, na kwa miaka yote hiyo sikumsikia mtu hata mmoja akizitaja barua hizo. Nilizikuta baadaye, nikitafuta kitu kingine kabisa.

Kilichonikalisha chini ni kipengele cha uvuvi. Kinasema wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wale wanaovua kwa kujikimu, wanaruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za bahari kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo, na kwamba kila nchi itatambua leseni na taratibu za mwenzake kwa wavuvi hao. Maili 12 za bahari ni kilomita 22 na kidogo. Kilomita 22 huku, kilomita 22 kule: hiyo ndiyo karibu bahari yote ambayo ngalawa ya Moa, Tanzania, au dau la Vanga, Kenya, huifikia.

Siku hizi kila ofisi inazungumzia mpango wa matumizi ya bahari: meli zipite wapi, pavuliwe wapi, pahifadhiwe wapi, gati lijengwe wapi. Limekuwepo pia pendekezo la eneo moja la hifadhi ya bahari linalovuka mpaka, kuanzia Diani-Chale upande wa Kenya hadi mwisho wa wilaya ya Mkinga upande wetu. Nalitaka sana lifanikiwe. Lakini nilitaka kwanza watu wa madiko waisikie ahadi waliyokwisha kupewa kabla wengi wao hawajazaliwa. Nikafunga safari kuwasomea.

Siku ya 1. Chongoleani

Nimeanzia hapa kwa makusudi. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, urefu wa kilomita 1,443, mwisho wake ni kwenye rasi hii, jirani kabisa na jiji la Tanga. Mafuta yenyewe ni mazito, yana nta, ndiyo maana bomba limeundwa lipashwe moto njia nzima. Hapa ndipo panapokusudiwa yahifadhiwe na kupakiwa melini.

Sikuja kubishana juu ya bomba. Nilikuwa na swali moja tu, la mkondo, nikampelekea mzee aliyekuwa akishona wavu chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Nikamuuliza, chelezo cha dema, mtego wa samaki, kikikatika hapa, kinaelekea wapi? Hakuinua uso kwenye wavu wake.

"Kenya. Kusi, kaskazi, yote mamoja. Wakati wa kusi kinakwenda mbio, wakati wa kaskazi kinajikokota, ila njia ni hiyo hiyo."

Ndivyo ulivyo mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki. Kwenye ufuo wetu hutiririka kuelekea kaskazini mwaka mzima, pepo za msimu, kusi na kaskazi, zikiuongeza au kuupunguza kasi. Kutoka hapa hadi Vanga, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 40 na ushei. Mbegu za mikoko, mayai ya samaki, mfuko wa plastiki, na siku Mungu akipitisha ajali, mafuta: vyote vitabebwa njia moja. Mahali pa meli kutia nanga panaamuliwa Tanga, na fukwe za kusafishwa zitakuwa za Kwale, Kenya.

Nchi zetu haziko mikono mitupu. Mkataba wa Nairobi wa 1985, ulioanza kutumika 1996 na kuunganisha nchi 10 za upande huu wa Bahari ya Hindi, una itifaki yake ya kusaidiana kunapotokea dharura ya uchafuzi baharini. Mimi naona itifaki hiyo ishushwe hadi hapa chini ya mwembe: nani wa Vanga apigiwe simu, boya za kuzuia mafuta zitandazwe kwenye mdomo wa hori gani kwanza, nani anajua maji yanaingia saa ngapi. Mzee niliyemkuta anajua mambo haya kwa moyo. Nilimwomba ayaseme polepole, nikaandika.

Siku ya 2. Moa

Pikipiki, vumbi, saa moja na nusu ya kutikiswa. Moa ni kijiji cha kale cha pwani ya Mkinga, na ukisimama ufukweni kweupe ukatazama kaskazini, nchi unayoiona mbele ni ya watu wengine kwa karatasi tu. Wasegeju wako huku na kule. Wadigo wako huku na kule. Mwenyeji wangu ana dada wawili walioolewa Vanga na shangazi anayeishi Kiwegu, ng'ambo hiyo hiyo.

Katibu wa BMU, kikundi cha wenyeji cha kusimamia ufuo na uvuvi, alinikusanyia watu kumi na wawili kwenye kibanda cha mnada. Nikasoma. Nilipofika kwenye maili 12, mmoja akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

Kijana mmoja akanyanyuka akatoka bila kuaga. Nikadhani nimemchosha. Baada ya dakika chache akarudi na kaka yake. "Msomee na huyu."

Kaka yake alikamatwa mwaka juzi akivua ng'ambo ya mstari. Alikuwa na leseni ya Tanzania mfukoni. Aliambiwa haitambuliki. Mashua ilizuiwa siku tisa, nyavu zikiwa ndani, mbichi, na jua la kaskazi. Alipozipata zilikatika kwa vidole. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Barua hii ina miaka mingapi?" Nikamwambia. Akahesabu kimya kimya. Mimi ndiye niliyeona haya, kwa sababu nilikuwa karani miaka sita, nilikuwa na daftari na kalamu, na sikuwahi kumwambia mvuvi yeyote.

Lakini sikumwambia kwamba alikuwa na haki moja kwa moja. Barua inasema kwa kufuata kanuni zilizopo, na kanuni zimeongezeka mno tangu 1976: leseni ya chombo, leseni ya mvuvi, ukubwa wa tundu la wavu, mipaka ya hifadhi. Haki ipo, na juu yake pamejengwa ghorofa ambayo kila nchi imeijenga peke yake.

Hapo mzee mmoja akatoa neno lililonifaa safari nzima. Tanzania vijiji vinajua mpango wa matumizi bora ya ardhi: hapa makazi, hapa mashamba, hapa malisho, hapa msitu. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji viwili vinavyotumia ardhi kwa pamoja viandikiane makubaliano. "Sisi tunachangia miamba na watu wa kijiji cha Jimbo, kule Kenya, kuliko tunavyochangia malisho na mtu yeyote," alisema. "Mbona hatujakalishwa mkeka mmoja?"

Na kukalishwa mkeka mmoja kwa ajili ya bahari si jambo geni Mkinga. Vijiji vya ukanda wa Boma hadi Mahandakini vimewahi kuunganishwa katika eneo moja la usimamizi wa uvuvi, vikapanga pamoja na kulinda doria pamoja, kwa sababu walikubali kwamba samaki hakai kijiji kimoja. Kilichobaki ni kuurefusha mkeka huo ufike ng'ambo ya mstari.

Siku ya 3. Horohoro, Lungalunga, Vanga

Siku ya barabara. Kwa maji ningefika Vanga kabla ya adhuhuri. Kwa sheria nilipaswa kuzunguka bara hadi Horohoro, kugonga muhuri, kisha kushuka tena pwani kutoka Lungalunga. Kwenye kituo cha mpakani maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, unamaliza ya kutoka na ya kuingia papo hapo. Nilipita haraka kuliko nilivyopata kupita forodha yoyote. Nikiwa kwenye foleni nilimwazia yule kaka wa Moa. Kwa nchi kavu paa moja limewezekana, na waliolijenga walianza kwa kukubali kwamba msafiri ni mmoja.

Mstari wenyewe ulianza mbali. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hii, waliandika kwamba mpaka uanzie kwenye mdomo wa mto Umba. Hakuna aliyevua hapa aliyeulizwa.

Nimelala Vanga. Miguu imevimba.

Siku ya 4. Vanga

Mbalamwezi ya jana ilikuwa kamili, kwa hiyo leo ni bamvua, maji hujaa na kukauka kupita kawaida. Saa nne kasoro asubuhi maji yalikuwa yamekauka hadi mbali, na wenyeji wangu wakanipeleka kwenye mikoko.

Mto Umba huzaliwa kwenye milima ya Usambara, Tanzania, unavuka mpaka na kuingia baharini hapa, Kenya. Maji yake baridi yakichanganyika na ya chumvi ndiyo yanayolea msitu huu. Mlima ukifyekwa kule juu, tope linateremkia kamba wa Vanga. Mto ukinyonywa mno na mashamba, chumvi inapanda na mikoko inadhoofu. Sikuwahi kufikiri kwamba mpango wa bahari ya Kenya una ukurasa wake Lushoto, kwenye milima hiyo ya Usambara, lakini ukisimama kwenye mdomo wa mto huo na kuyaona maji ya kahawia yakiingia kwenye ya kijani, hutaki ushahidi zaidi.

Watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanaulinda msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 460 kwa makubaliano na idara ya misitu ya nchi yao, na hewa ya ukaa inayohifadhiwa mle wanaiuza kama hati kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, fedha zikirudi kwenye maji, shule na mahitaji ya vijiji. Mfano waliuchukua Gazi, kwenye pwani hiyo hiyo ya Kenya, ambako mradi wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013. Mama aliyetuongoza, tope likimfika magotini, aliokota mbegu ndefu ya msinzi iliyosukumwa na maji, akanionyesha ncha yake.

"Hizi nyingine hatukuzipanda wala hatukuziokota kwetu. Zimetoka kwenu."

Aliisema kama shukrani. Lakini ina upande wa pili: mikoko ya kwetu ikikatwa, kitalu cha asili cha Vanga kinapungua, na hesabu zao za ukaa zinatikisika kwa panga lililopigwa nchi nyingine. Msitu ni mmoja. Upande wetu ni wa hifadhi ya serikali, upande wao ni wa ubia na jamii. Napenda njia yao zaidi, na nasema hivyo nikiwa Mtanzania.

Jioni, kabla ya saa kumi, maji yalirudi yakapanda hadi vichochoro vya mji. Watu wakavua viatu, wakaendelea na shughuli. Tulisubiri yashuke ndipo nikasoma barua, kwenye baraza ya ofisi ya BMU.

Nitaandika kwa urefu kidogo kuhusu usiku huo, kwa sababu ndipo karatasi zangu zilipokutana na watu wanaozihoji kwelikweli.

Msimu huu wa kaskazi Vanga kuna dago la Wapemba. Wamekuja kama babu zao walivyokuja, wamepiga kambi, watarudi kusi ikianza. Tofauti ni zana. Babu zao walikuja na madema na mishipi. Hawa wana nyavu za ringi, chombo kimoja kinabeba zaidi ya watu 20, na wakizingira kundi la vibua mara moja wanaweza kushusha samaki wa juma zima wa mwenye dema. Baadhi ya vijana wa Vanga wenyewe wanafanya kazi kwenye vyombo hivyo. Wengine hawataki kuviona.

Nilipomaliza kusoma, nahodha wa Kipemba alitabasamu. "Basi imekwisha. Sisi ni wenyeji, bahari hii ya babu zetu, na tunavua tule. Maili 12 zetu."

Mvuvi wa Vanga wa madema, mtu mzima, akamjibu kwa adabu lakini sauti ikitetemeka. "Ami, barua inasema kujikimu. Samaki wako wanapakiwa kwenye lori kwenda Mombasa kabla jua halijapanda. Hiyo ni kujikimu?"

"Na wewe pweza wako anakwenda wapi? Si hoteli za Diani?"

Kimya.

Hapo nilielewa kwamba maneno mawili, wenyeji na kujikimu, yaliyoandikwa zamani hizo kwa wavuvi wa tanga na kasia, leo yanabeba mzigo wote. Ni nani mwenyeji: aliyezaliwa kijijini, au ambaye ukoo wake umepiga dago hapa vizazi vitatu? Na kujikimu kunapimwa kwa nini: ukubwa wa chombo, aina ya zana, au mahali samaki anapouzwa? Kwa maoni yangu kipimo cha haki ni zana na ukubwa wa chombo. Soko haliwezi kuwa kipimo, maana hakuna mvuvi wa leo asiyeuza. Angenunua wapi daftari la mtoto? Chombo cha watu 20 na wavu unaozingira kundi zima ni kazi nyingine, halali ikiwa na leseni yake na eneo lake, lakini isijifiche nyuma ya neno lililoandikwa kwa ajili ya mwenye ngalawa.

Nilimwambia nahodha hivyo usoni. Hakukasirika. Alisema, "Sawa, lakini mkikaa kupanga, nasi tuwepo. Msitupange tukiwa tumelala." Mwenye madema akaitikia kwa kichwa. Kwa usiku ule lilikuwa jambo pekee walilokubaliana.

Kuna kitu kingine nahodha alinikumbusha ambacho sisi wa bara hukisahau. Yeye ni Mtanzania, lakini uvuvi wa Pemba uko chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, wa Mkinga uko chini ya wizara ya bara, na wa bahari kuu una mamlaka ya pamoja ya Muungano. Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, iliyotangazwa 2005 upande wa magharibi wa kisiwa chao, ina kanuni zake. Kwa hiyo kwenye mkondo huu mmoja meza ya mipango inahitaji viti vitatu, Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Ukiweka viwili, anayekosa ni huyu huyu anayevuka kila kaskazi.

Siku ya 5. Vanga tena

Kaskazi limeamka na hasira. Nahodha aliyekubali kunipeleka Wasini, kisiwa cha Kenya kaskazini mwa hapa, ametazama mawingu, akatazama boti, akasema kesho.

Nimeshinda barazani nikifikiria mipaka mingine ya Kenya. Kwa kaskazini jirani yao wa bahari ni Somalia, na huko walifika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Somalia ilifungua shauri 2014, hukumu ikatoka tarehe 12 Oktoba 2021, eneo lililogombewa likizidi kilomita za mraba 100,000. Kenya ilitaka mpaka ufuate mstari wa latitudo, ikataja kwamba ndivyo ilivyokubaliana na Tanzania. Mahakama haikukubali. Kwa kusini, sisi na wao tulimaliza kwa barua, kisha tarehe 23 Juni 2009 tukatia saini makubaliano ya kuurefusha mpaka huo hadi kwenye eneo la kiuchumi la bahari na rafu ya bara, yaani sakafu ya bahari inayoendelea kutoka nchi kavu. Hakuna meli ya kivita iliyosogezwa, hakuna wakili wa The Hague aliyelipwa. Hii ni mali kubwa, na inauma kuiona imelala kabatini.

Wapo waliokwenda mbele zaidi. Shelisheli na Morisi walikuwa na rafu ya bara iliyoingiliana kwenye Uwanda wa Mascarene, takriban kilomita za mraba 396,000. Badala ya kuipasua katikati, mwaka 2012 walitia saini mikataba ya kuisimamia kwa pamoja. Ni chini ya bahari tu, maji ya juu na samaki wake ni habari nyingine, lakini ni ushahidi kwamba nchi mbili za bahari yetu hii zinaweza kumiliki kitu pamoja.

Jioni upepo umelegea.

Siku ya 6. Baharini

Tulitoka alfajiri, saa kumi na moja, maji yakiwa yamejaa horini. Boti ya futi 24, injini moja, nahodha, kijana wake, na mimi. Nilimwomba kabla ya kugeuka kaskazini atusogeze kusini-mashariki tuukaribie mstari. Niliweka ramani ya simu magotini. Yeye hakuitazama hata mara moja.

"Unajuaje tulipo?" nikamuuliza.

Alinionyesha. Nyuma yetu, bara, kilima cha Jombo kilikuwa kimesimama peke yake. Aliniambia niangalie kilivyokaa juu ya minazi fulani ya ufukweni. Kikihama kidogo kushoto, uko juu ya mwamba wa samaki tasi, kikihama zaidi, uko kwenye kina. Ramani yake nzima ni vitu vya nchi kavu vinavyopishana machoni. Ndani yake hamna mstari wa mpaka. Nilipomwambia simu inasema tumebakiza kama nusu maili kuufikia, alipunguza moto, akatazama maji kushoto na kulia.

"Hapa mimi nimevua tangu nina miaka tisa," alisema. Hakuongeza kitu.

Tulikaa pale tukibembea. Maji yalikuwa ya buluu iliyokolea, kina cha mkondo kinaanza ghafla. Kusini-magharibi milima ya Usambara ilikuwa kivuli chembamba. Barua ya 1976, ilipoupima mpaka huu, ilitumia taa mbili za mabaharia: ya Mpunguti ya Juu upande wa Kenya na ya Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, upande wa Tanzania. Maofisa walichukua kitu ambacho mabaharia wa pande zote walikwisha kukitegemea usiku, wakakifanya kipimo. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza lilinipita. Leo, nikiwa na mtu anayepima bahari kwa kilima na minazi, lilinigusa. Nahodha wangu na walioandika barua ile walikuwa wakifanya kazi moja.

Sikutaka kuvuka bila muhuri. Tukageuka.

Njiani tuliwapita wavuvi wa Moa, nilitambua ngalawa moja niliyoiona juzi ufukweni. Walikuwa ng'ambo ya mstari kwao, upande wa Kenya, na kamba za mishipi majini. Nahodha akainua mkono, nao wakainua. Wakaulizana habari za mgonjwa fulani, kwa sauti ya juu, hadi tulipopotezana.

Mchana tuliingia Kisite. Hifadhi ya Kisite na eneo tengefu la Mpunguti zina umri sawa na barua zile karibu. Zilianzishwa miaka ya 1970, Kisite kilomita za mraba 28 ambamo hakuvuliwi kabisa, Mpunguti 11 ambamo uvuvi wa asili unaruhusiwa. Nilitia kichwa majini. Changu wa ukubwa ambao katika miaka yangu sita ya ukarani sikuupima hata mara moja walikuwa wakipita chini yangu bila haraka. Wakijaa hapa watamwagikia nje, na nje ya hapa, mwendo mfupi tu, ni Tanzania. Wavuvi wa Wasini walipoteza eneo hili la kuvua, na faida yake kwa sehemu inavuliwa na watu ambao hawakupoteza kitu. Na mbegu ya samaki inayokuja Kisite, kwa mkondo ule wa mzee wa Chongoleani, kwa sehemu inatoka kusini, kwetu. Deni liko pande zote. Eneo la hifadhi linalovuka mpaka lingeyaweka madeni haya kwenye daftari moja, ndiyo sababu nalitaka.

Siku ya 7. Wasini

Nilipanga kusoma kwa wavuvi, lakini wengi walikuwa baharini. Waliokuwepo ni akina mama, na maji yalikuwa yakitoka. Karibu na saa sita walianza kushuka mwambani na vijiti vyao vya pweza. Nikashuka nao. Mmoja, bi mkubwa mwenye sauti nene, alinishika kiwiko ili nisikanyage pabaya.

Nilisoma barua tukiwa tumesimama juu ya mwamba, maji yakifika vifundoni. Walisikiliza. Nilipomaliza aliniuliza, "Na sisi tumo?"

Nikaangalia karatasi, ingawa nilijua. Nikamwambia inasema wavuvi.

"Mimi sina chombo. Sina leseni ya chombo. Natembea. Wakija kuchora na ramani zao huchora boti zinapokwenda. Mwamba huu maji yakijaa hauonekani, basi wanaona ni bahari tupu."

Sikuwa na jibu. Nilikaa miaka sita dikoni nikipima kilichoshushwa kutoka kwenye vyombo, na pweza aliyebebwa kwa ndoo na mwanamke akitembea hakuingia daftarini kwangu hata siku moja.

Nikampa kalamu. Akaniambia hapana, andika wewe, mimi nitataja. Nikageuza karatasi ya nne, upande usio na maandishi, nikaiweka juu ya mgongo wa begi. Akaanza kutaja miamba kwa majina yake, mmoja mmoja, kuanzia tulipokuwa tumesimama kwenda kusini, na kila jina alieleza: huu unakauka bamvua tu, huu una mashimo ya pweza wakubwa, huu tunauacha upumzike miezi mitatu, huu zamani mama yangu alikuja na wenzake wa upande wa Tanzania, walikutana hapa katikati maji yakitoka, wakavua pamoja, wakaachana maji yakiingia. Wengine waliinua migongo wakaongeza majina aliyoyasahau. Karatasi ilijaa, nikahamia kwenye ya tatu.

Maji yalipoanza kurudi tulikuwa hatujamaliza. Bi mkubwa alizichukua karatasi zote nne, akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kanga yake. "Zitabaki hapa hadi tumalize," alisema, akanishika tena kiwiko, tukaanza kupanda.